Uonevu Shuleni na Wajibu Wetu Sisi Watumishi

Maneno yaliyosomwa mbele ya wanachama wa Karagwe na Kyerwa



Tumetakiwa tuseme habari ya uonevu katika shule zetu, na namna ya kuuzuia. Labda wengine watajiuliza moyoni, Je, jambo hili ni letu sisi makarani? Si la walimu na wazazi? Twaomba mtuvumilie hata mwisho, maana twataraji kuonyesha ya kuwa habari nyingi za namna hii hupita mezani petu katika karatasi, na nyingi katika hizo hulala palepale.

Kwanza yafaa tukumbuke asili ya vyama kama hiki chetu. Mwaka 1922, huko Tanga, Martin Kayamba na wenziwe waliunda chama cha watumishi Waafrika wa Serikali ya Tanganyika. Faida ya kuungana hapana asiyeijua. Karani mmoja akidharauliwa na mkubwa wake, akilia peke yake, kilio chake hakifiki mbali. Bali wakiwa wengi, wenye katibu na daftari na barua iliyoandikwa vema, husikiwa. Basi sisi tuliohitaji chama ili tusionewe, tena ni watu wazima wenye kalamu na mshahara, twadhani mtoto wa miaka 12 atajitetea kwa nini? Yeye hana chama, hana katibu, na mara nyingi hana hata maneno ya kueleza yaliyompata.

Sasa tueleze uonevu ni kitu gani, maana watu huuchanganya na mambo mengine. Huko Norway alikuwako mtaalamu mmoja, Dan Olweus, aliyefanya kazi katika mji wa Bergen. Mwishoni mwa mwaka 1982 wavulana watatu wa nchi ile walijiua, na ikasadikiwa ya kuwa sababu ni mateso waliyotendwa na wenzao wa shule. Mwaka uliofuata Serikali yao ilianzisha kazi ya kuuzuia uonevu katika shule zote za nchi, na Olweus akaichunguza kazi hiyo kwa watoto wapatao 2,500 wa Bergen. Yeye aliweka alama tatu za kuujua uonevu: atendaye hukusudia kuumiza, hurudia tena na tena, na aumizwaye ni mnyonge kuliko yule amwumizaye, kwa nguvu, au kwa umri, au kwa idadi, au kwa cheo. Watoto wawili wa kimo kimoja wakigombana kwa ajili ya mpira, huo ni ugomvi tu, nao kesho hucheza pamoja. Bali watano wakimngoja mmoja njiani kila jioni, huo ni uonevu.

Na hapa wengi wetu husema, Ah, ni utani tu! Twaomba neno hili lipimwe. Sisi ni watu wa utani, twaujua tangu wazee wetu. Lakini utani una sheria yake. Mtani wako akikutania, nawe una ruhusa ya kumrudishia. Na siku ya msiba wako yeye ndiye wa kwanza kufika na kukutumikia. Utani huenda na kurudi kama mtumbwi wa kuvushia watu mtoni. Uonevu huenda upande mmoja tu. Yule mtoto anayeitwa jina baya na darasa zima hana ruhusa ya kujibu, na siku ya msiba wake hao wanaomcheka hawaonekani. Basi tusiuvunjie utani heshima yake kwa kuufanya kifuniko cha uovu.

Uonevu una sura nyingi katika wilaya zetu hizi. Tutazitaja chache ambazo kila mmoja wetu azijua.

Iko ile ya mabweni na ya vyumba vya kupanga. Tangu mwaka 2006 shule za sekondari za kata ziliongezeka sana katika nchi nzima, nalo ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini vilima vyetu ni virefu, na watoto wengi hukaa mbali. Basi wengine hulala hosteli, na wengine hupanga vyumba karibu na shule, watatu au wanne pamoja, pasipo mtu mzima. Mgeni wa kidato cha kwanza, ambaye wenziwe humwita njuka, hufulishwa nguo za wakubwa, huchotea maji watu wasio wazazi wake, hunyang'anywa sabuni na unga aliopewa na mama yake. Akilalamika huambiwa, Nasi tulifanyiwa hivyo hivyo.

Iko ile ya majina. Mkoa wa Kagera ndipo ugonjwa wa Ukimwi ulipotambuliwa kwa mara ya kwanza nchini, mwaka 1983, na ugonjwa huo ulituachia mayatima wengi. Wako watoto waliosoma shule nzima wakiitwa kwa ugonjwa wa wazazi wao. Kadhalika sisi ni watu wa mpakani. Ng'ambo moja ni Rwanda na ng'ambo nyingine ni Uganda. Mwaka 2013 ilipofanywa kazi ya kuwaondoa wasio raia katika mkoa huu, maneno ya watu wazima barazani yaliingia madarasani, na mtoto aliyezaliwa hapa akaulizwa na mwenziwe lini ataondoka kwenda kwao. Mtoto hayabuni maneno haya, huyapata kwetu.

Iko ile ya wasichana njiani. Msichana anayetembea saa nzima kwenda shule hukutana na vijana wa pikipiki wanaompa lifti, kisha humdai malipo yasiyo ya fedha. Na aibu kubwa zaidi, mara nyingine mdai yuko ndani ya shule yenyewe. Sheria iliyorekebishwa mwaka 2016 yaweka kifungo cha miaka 30 kwa mtu anayempa mimba mwanafunzi. Ni adhabu kubwa, nayo yatosha kuonyesha Serikali inavyolihesabu jambo hili.

Siku hizi iko na ile ya simu. Picha ya mtoto hupigwa kwa hila, ikatumwa kwa watu mia kabla ya kengele ya jioni. Zamani aliyeonewa shuleni alipumzika afikapo nyumbani. Sasa uonevu humfuata hata kitandani.

Sasa, Bwana Mwenyekiti, twaingia katika jambo zito, yaani uonevu unaofanywa na wenye mamlaka. Tuanze na viranja. Desturi ya kuwapa wanafunzi wakubwa mamlaka juu ya wadogo tuliipata kwa Waingereza, ambao shule zao za bweni zilikuwa na utaratibu wa mdogo kumtumikia mkubwa. Shule ya Serikali ya Tabora ilijengwa juu ya mfano huo. Julius Nyerere alisoma hapo, akaingia mwaka 1937. Na yasimuliwa katika habari za maisha yake ya kuwa viranja walikuwa wakipewa chakula maradufu, naye akalipinga jambo hilo mbele ya mwalimu mkuu mpaka likaondolewa. Tazameni: kijana yule hakupinga kuwako kwa viranja wala hakuvunja adabu. Alipinga faida isiyo ya haki iliyoshikamana na cheo. Na huo ndio mlango wa uonevu: cheo kikipewa marupurupu pasipo msimamizi, hugeuka kuwa rungu.

Rungu hilo huweza pia kumrudia mwenyewe. Mwezi wa Mei 1999, katika Shule ya Sekondari ya Nyeri nchini Kenya, wanafunzi waliwafungia viranja wanne chumbani mwao usiku wakawatia moto, wakafa. Hapana neno liwezalo kuutetea uovu ule. Lakini shule ambayo chuki imekua ndani yake hata kufikia moto ni shule ambayo watu wazima hawakuwa wakisikia kitu. Baadaye, mwaka 2009, jirani zetu hao waliingiza mabaraza ya wanafunzi wanaochaguliwa na wenzao mahali pa viranja wa kuteuliwa.

Nasi katika Kyerwa tuna msiba wetu. Usiku wa tarehe 14 Septemba 2020 watoto wasiopungua kumi wa Shule ya Msingi Byamungu walikufa kwa moto bwenini. Hatusemi moto ule ulitokana na uonevu; la. Twautaja kwa sababu ulitufundisha ya kuwa watoto wakilala pamoja usiku, hapana budi mtu mzima awe macho. Mwaka 2023 Serikali iliagiza watoto wa darasa la kwanza hata la nne wasiwekwe bweni. Agizo hilo lina hekima, maana mtoto wa miaka saba hana nguvu ya kumkimbia mwenye kumwonea wala moto.

Kisha yuko mwalimu mwenyewe. Tuna ndugu zetu walimu humu ndani, nao twawaheshimu. Wengi hufundisha watoto 80 katika chumba kimoja, nyumba zao ni mbovu, na shukrani hawapati. Hata hivyo ukweli usemwe. Mwaka 2009 ulifanywa uchunguzi katika Tanzania nzima wa habari za ukatili juu ya watoto, nao ulitolewa mwaka 2011. Ulionyesha ya kuwa karibu wasichana 3 katika kila 10 walitendwa ukatili wa kijinsia kabla ya kutimiza miaka 18, na mvulana mmoja katika kila 7 hivi. Tena zaidi ya nusu ya vijana, wa kike na wa kiume, walisema walipata kupigwa na mwalimu kwa ngumi, au teke, au kiboko.

Na katika mkoa wetu huu huu, mwezi wa Agosti 2018, mtoto wa miaka 13 wa darasa la tano katika Shule ya Msingi Kibeta, mjini Bukoba, alikufa baada ya kupigwa na mwalimu. Alidhaniwa kuiba mkoba wa mwalimu mwingine. Habari za siku zile zilieleza ya kuwa mkoba ulikuwa umesahauliwa katika pikipiki, na mwenye pikipiki akaurudisha. Mwezi wa Machi 2019 Mahakama Kuu ikamtia mwalimu hatiani kwa kosa la kuua. Basi hesabuni hasara: mtoto amekufa, mzazi amefiwa, mwalimu ameanguka, na mkoba haukuibiwa. Lau mtu mmoja angalisema, Ngojeni kwanza tuulize, yote yangaliepukwa.

Wako watakaosema, Sisi tulipigwa, na mbona tumekuwa watu? Tena wataleta methali, Mchelea mwana kulia hulia yeye. Twajibu hivi. Methali ile yamwonya mzazi asiogope kumkataza mtoto. Haikusema atoke damu. Na sisi tulio hapa ni wale waliobaki. Wale walioiacha shule darasa la tatu kwa sababu ya hofu hawamo katika mkutano huu kutoa ushahidi wao. Hawakuwa makarani.

Tena sheria haikuacha jambo hili liende kwa hasira ya mtu. Kanuni za mwaka 1979 ziliruhusu viboko visivyozidi sita; zile za mwaka 2002 zikapunguza hata vinne. Ziliagiza kiboko kitolewe kwa kosa kubwa tu, na mkuu wa shule au mwalimu aliyepewa idhini kwa maandiko. Msichana aadhibiwe na mwalimu wa kike, ila pasipokuwapo. Na kila adhabu iandikwe katika daftari. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo yakataza mateso na adhabu za kinyama. Sisi tulio watu wa daftari tujiulize: ni shule ngapi katika kata zetu ambazo daftari hilo lipo, nalo limeandikwa? Adhabu isiyoandikwa haina mwisho, maana hapana anayeihesabu.

Wala tusidhani ya kuwa shule haziwezi kuongozeka kwa njia nyingine. Jirani zetu wa Uganda wamelijaribu jambo hili. Shirika la Raising Voices la Kampala lilitengeneza mafundisho ya kuzigeuza shule, nayo yakajaribiwa katika shule za msingi 42 za wilaya ya Luwero. Nusu zilipata mafundisho, nusu zikangoja. Walimu, wanafunzi na wazazi walikaa pamoja wakapatana desturi mpya, wakaweka kamati, wakafundishwa namna ya kuonya pasipo kupiga. Baada ya miezi 18 watoto waliulizwa kama wamepigwa na mtu wa shule katika juma lililopita. Katika shule zilizongoja, 49 katika 100 walisema ndiyo. Katika zile zilizofundishwa walikuwa 31. Hawakumaliza, lakini walipunguza sana. Na watu wale ni kama sisi, wala hawakuongezewa mishahara.

Basi, wanachama wenzetu, tufanye nini? Hatutaki mkutano huu uishe kwa makofi tu. Twaleta mashauri matano.

La kwanza ni la karatasi. Mzazi akifika ofisini kwa mtendaji na barua ya malalamiko, karani aipokee, aiandike katika rejista siku ileile, ampe mzazi namba yake. Mzazi asiyejua kuandika aandikiwe, kisha asomewe. Asiambiwe, Rudi kesho, afisa hayupo. Mama aliyetembea kutoka kijijini na mtoto mwenye uvimbe hatarudi kesho. Atakata tamaa, na mwenye kuonea atajua ya kuwa njia ni nyeupe.

La pili, tuiache desturi ya kumalizana. Mara nyingi kosa la jinai juu ya msichana huletwa barazani, likapimwa kwa mbuzi na fedha, na hati ikaandikwa na mkono wa karani. Hati hiyo haina nguvu katika sheria. Sheria ya Mtoto yampasa kila mtu mwenye habari za mtoto kudhulumiwa azipeleke kwa wenye mamlaka wa mahali pake. Njia ziko: Afisa Ustawi wa Jamii, Dawati la Jinsia na Watoto katika kituo cha Polisi, na simu ya watoto namba 116 isiyo na malipo. Namba hiyo ibandikwe ukutani katika kila ofisi na kila darasa, mahali ambapo mtoto aweza kuisoma pasipo kuuliza mtu.

La tatu ni gumu, nalo latuhusu sisi wenyewe. Mwanachama wetu akishtakiwa kuwa amemtesa mtoto, Chama kifanye nini? Twasema wazi: Chama kimpatie haki ya kusikilizwa, kisimwache ahukumiwe kwa uvumi, maana hata mwalimu aweza kusingiziwa. Lakini Chama kisimfiche. Kisiombe ahamishwe kwenda shule ya mbali ili mambo yatulie. Kumhamisha mwenye kuonea ni kuwapelekea watoto wengine msiba ule ule kwa gharama ya Serikali. Tume ya Utumishi wa Walimu ipo kwa kazi ya nidhamu, na mahakama zipo. Tukimfunika mmoja, tumewachafua wote. Na siku tutakapodai haki yetu kwa mkubwa anayetuonea, tutakosa uso wa kudai.

La nne, kila tawi lichague shule mbili za kutembelea kila muhula. Wajumbe waulize mambo madogo: Daftari la adhabu liko wapi? Nani hulala karibu na bweni? Mgeni wa kidato cha kwanza ana mkubwa gani wa kumwangalia? Liko sanduku la maoni, na ufunguo wake unakaa kwa nani? Maana sanduku ambalo ufunguo wake anao yule anayelalamikiwa ni mtego. Tena tuwaombe wenzetu wa Redio FADECO pale Karagwe watupe nafasi ya kusema maneno haya kwa wazazi, maana redio hufika shambani ambako gazeti letu halifiki.

La tano ni la nyumbani. Sisi nasi ni wazazi. Mtoto aliyeonewa hasemi, huonyesha. Huumwa tumbo kila Jumatatu, hupoteza kalamu kila juma, hupita njia ndefu kurudi nyumbani, hutaka kuacha shule aliyokuwa akiipenda. Tusimwulize, Umefanya nini hata wakakupiga? Tumwulize, Ni nani, na ni mahali gani, na tangu lini? Na kama mtoto wetu ndiye anayeonea wenziwe, tusijivune ya kuwa ni shujaa. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo. Anayenyang'anya sabuni leo atanyang'anya shamba la mjane kesho, tena labda akiwa na cheo na muhuri kama sisi.

Wazee walisema, Usipoziba ufa utajenga ukuta. Shule za Karagwe na Kyerwa zilijengwa kwa jasho. Wazazi walibeba mawe na mchanga, wakauza kahawa na ndizi ili watoto wao wasome. Haifai mtoto afike katika jengo hilo akitetemeka. Twaomba mkutano uyajadili mashauri haya matano kwa uwazi, hasa lile la tatu, na yatakayokubaliwa yaandikwe katika kumbukumbu za Chama, pamoja na majina ya watakaoyatekeleza na tarehe ya kuleta taarifa.